Nilihama hosti nikahama na kunguni wangu: uhamisho wa bure na usafishaji wa kulipia, vyote nimeviona

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka asome aende zake. Huduma ya kuhamishiwa blogu bure na hosti mpya (kampuni inayokutunzia blogu kwenye seva zake), nyota 3 kati ya 5. Huduma ya kulipia ya kusafisha blogu iliyodukuliwa, raundi ya kwanza nyota 1, raundi ya pili nyota 5, na sijui jumla niipigeje maana ni kampuni ileile na bili ileile. Majina yao siyaweki, nazungumzia kazi yenyewe ilivyofanyika, hasa ile sehemu ambayo kwenye tangazo haiandikwi.

Blogu yangu ni ya ushonaji. Ina miaka 9, posti 400 na kitu, pateni, picha za hatua kwa hatua, na komenti za wasomaji ambazo kwangu zina thamani hata kuliko posti zenyewe, manake mtu anauliza mkono wa gauni unavuta kwapani, mwingine anamjibu vizuri kuliko ambavyo ningemjibu mimi. Sasa siku moja msomaji akaniandikia, "dada, mbona nikikutafuta Google unatokea kwa Kijapani?" Nikacheka. Nikafungua blogu iko vilevile, kila kitu mahali pake. Nikamjibu labda ni simu yako hiyo. Aisee, simu yake haikuwa na kosa lolote.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kuna udukuzi wa aina hii unajulikana kabisa, wanakuwekea maelfu ya kurasa za Kijapani zinazouza bidhaa feki za majina makubwa, alafu kodi yao, yaani programu waliyoipachika, inaangalia nani anabisha hodi. Akija roboti wa Google anaonyeshwa Kijapani, ukija wewe mwenye nyumba unaonyeshwa blogu yako ya siku zote. Kwahiyo unaweza kukaa miezi huna habari. Ukitaka kujichungulia andika kwenye Google site: na domeini yako (anwani ya blogu) pale pale bila kuacha nafasi, uone nini kinatoka. Mimi zilitoka kurasa nyingi sana, na kati ya hizo za kwangu za kushona zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumlaumu hosti wa zamani. Blogu ilikuwa inasuasua, supoti wanajibu baada ya siku mbili, alafu sasa na hili, nikasema basi, nahama. Nikatafuta hosti mwingine anayetangaza kwamba anakuhamishia kila kitu bure, wewe unawapa tu paswedi za kule ulikotoka. Kichwani mwangu nilijua nikifika nyumba mpya nitakuwa msafi. Nani kaniambia? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe.

Uhamisho wenyewe nausifia bila kinyongo. Nilifungua tiketi (ombi la msaada) jioni, asubuhi nikakuta blogu nzima imeshanakiliwa kwenye seva mpya, wamenipa na njia ya kuitazama kabla domeini haijageuzwa, wamewasha na sertifiketi ya Let's Encrypt ili ile kufuli kwenye brauza isipotee. Jamaa wa kwenye chati alikuwa mpole, anaeleza, hakukimbii. Kasi nayo tofauti niliiona siku hiyohiyo.

Nyota mbili nilizokata ni hizi. Ya kwanza imeili. Nilipobadilisha nemusva (seva zinazoshika rekodi za domeini) kuelekea kwao, imeili za domeini yangu zilikata kimya kimya, siku tatu hazikuingia na mimi nafikiri watu wamenisusa tu. Kumbe ile rekodi ya MX, yaani inayoiambia dunia barua za domeini hii zipelekwe wapi, ilikuwa imeandikwa kule kwa hosti wa zamani na hakuna aliyeinakili kuja huku. Ni kazi ya dakika moja. Nilipowauliza wakasema uhamisho wa bure ni faili na databesi (ghala la posti na komenti) tu, rekodi za domeini ni juu ya mteja. Sawa, lakini si mngeniambia kabla?

Ya pili iliniuma zaidi, ni zile ng'. Yeyote anayeandika Kiswahili kwenye blogu anajua kile kialama cha juu kwenye ng', na WordPress, programu inayoendesha blogu yangu, ina tabia ya kukigeuza kuwa kile cha kupinda, na wengine tunabandika maandishi kutoka Word kikiwa tayari kimepinda. Baada ya kuhama kila ng' iliyobandikwa hivyo ikawa uchafu, yaani badala ya kung'aa unasoma kungâ€™aa, badala ya kung'oa nyuzi ni kungâ€™oa nyuzi, posti baada ya posti. Supoti wakaniambia futa kashe ya brauza. Nikafuta. Wakaniambia jaribu brauza nyingine. Jamani!

Sababu yake ni ya kawaida mno kwenye kuhama. Kompyuta ina namna tofauti za kuhifadhi herufi. Databesi ya zamani ilijitambulisha kama latin1 huku maandishi yaliyomo ndani ni UTF-8, na kwa hosti mpya ni utf8mb4 (UTF-8 ya MySQL), na aliyetoa nakala hakuangalia, basi kila herufi isiyo ya kawaida ikatafsiriwa mara mbili. Wasomaji wa Kiingereza wanaliona kwenye nukuu tu, sisi tunaliona kwenye kila ng'ombe. Dawa yake haikuwa kutafuta na kubadilisha neno kwa neno, ilikuwa ni kurudi kwa hosti wa zamani, kutoa databesi upya kwa mpangilio sahihi na kuipandisha tena. Na hapo ndo namshukuru Mungu kwamba nilikuwa sijafunga akaunti ya zamani. Usifunge akaunti ya zamani mapema! Iache hata mwezi mzima.

Haya, kunguni sasa, yaani udukuzi wenyewe.

Hosti mpya ana skana yake ya virusi, ilipita juu ya faili zangu ikaandika kijani, safi. Nikalala. Kama wiki mbili hivi Google Search Console (zana ya Google kwa wenye tovuti) ikanitumia imeili kwamba kuna mmiliki mpya ameongezwa kwenye tovuti yangu. Mmiliki mpya? Mimi sina hata msaidizi. Nikaingia nikakuta kweli kuna akaunti ya mtu nisiyemjua, na ramani ya tovuti ameshaiweka, ya kurasa zake za Kijapani, ili Google azisome haraka haraka. Yaani mtu kaja kwangu, kajipa ufunguo, alafu kaenda serikali za mtaa kujiandikisha kama mwenye nyumba.

Nikaanza kuhangaika mwenyewe na vitu vya bure. SiteCheck ya Sucuri ni nzuri kwa kitu kimoja, unaweka anwani inakwambia kwa nje unaonekanaje, lakini kwa nje tu, haiingii ndani ya seva, na wenyewe wanasema hivo. Kwangu haikuona kitu. Siilaumu, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa mpita njia hauoni. Wordfence ya bure ndo ilinifungua macho kidogo, yenyewe inakaa ndani kama plagini (kiongezi cha WordPress), inalinganisha faili zako na zile halisi za WordPress na kukuonyesha kilichobadilika. Ilinikamatia index.php ya mbele kabisa imeongezewa mstari juu, na faili mbili za php, yaani za programu, zimekaa kwenye folda ya uploads mahali panapotakiwa kuwa na picha tu. Cha kujua ni kwamba toleo la bure linapata alama mpya za virusi siku 30 baada ya wanaolipia. Kwa udukuzi wa zamani haina shida, kwa wa wiki hii hapo tena ni bahati yako.

Kama hosti wako anakupa ile skrini nyeusi ya komandi, kuna WP-CLI, andika wp core verify-checksums, sekunde chache tu inakwambia ni faili gani za WordPress yenyewe si za asili na zipi hazikutakiwa kuwepo kabisa. Naipenda hii kuliko zote maana haina maneno mengi. Ila inaangalia mwili wa WordPress peke yake, plagini zina komandi yake, na themu (sura ya blogu) ya kununua au folda ya picha haigusi.

Nikafuta nilivyoviona. Asubuhi vimerudi. Nikafuta tena nikabadilisha paswedi, vimerudi jioni. Siku ya nne nikasema mimi ni fundi cherehani, acha nilipe.

Huduma niliyolipia inatangaza kusafisha ndani ya siku moja na dhamana ya mwezi, likirudi wanasafisha tena bure. Raundi ya kwanza nilipewa mtu ambaye nina uhakika hakufungua hata faili moja kwa macho. Aliendesha skana, akafuta vilevile nilivyokuwa navifuta mimi, akaweka faili mpya za WordPress, akanitumia ripoti ndefu yenye nembo na rangi, "tovuti yako ni salama". Ripoti ile ukiisoma vizuri haisemi waliingilia wapi. Nikauliza, waliingilia wapi? Akajibu kwa kawaida ni plagini za zamani, nishauriwe kuapdeti. Plagini zangu zote zilikuwa zimeapdetiwa! Baada ya siku tano Kijapani kimerudi. Na kibaya zaidi, kwenye kusafisha alipandisha nakala mpya ya themu juu ya yangu, marekebisho yangu yote ya miaka yakaenda na maji. Hapo nakubali nusu ya kosa ni langu, niliandika moja kwa moja kwenye functions.php, faili ya themu yenyewe, badala ya kutengeneza themu mtoto ya kutunzia marekebisho pembeni, nilijua haifai nikafanya, lakini mtu anayelipwa si anachukua nakala kwanza kabla hajagusa?

Nikatumia dhamana. Raundi ya pili nikapewa mtu mwingine, na huyu, wee, huyu ni fundi. Kitu cha kwanza hakuskani. Aliniuliza maswali. Hii folda inaitwa jaribio2 ni ya nini? Nani mwingine ana akaunti ya admini? Kule ulikohama kulikuwa na tovuti ngapi kwenye akaunti hiyo moja?

Jaribio2. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Miaka mingi nyuma niliinstoo WordPress nyingine ndani ya folda ili nijaribu themu, nikamaliza, nikaiacha. Haijawahi kuapdetiwa tangu siku hiyo, na ndani ina plagini ya kusimamia faili, ile ile aina ambayo mwaka 2020 mmoja wao, File Manager, uligundulika una tundu linalomruhusu mtu yeyote kupandisha faili bila hata kulogini. Aliyeingia humo anaifikia blogu kubwa bila shida maana zote zinakaa chini ya akaunti moja ya seva. Na uhamisho wa bure ukanibebea kila kitu, blogu, picha, jaribio2, na wageni waliolala ndani yake. Hosti wa zamani niliyemtukana wiki nzima hakuwa na hatia, angalau kwa hili.

Vingine alivyovitoa niliviandika kwa sababu nilitaka kujua. Kulikuwa na faili ya .ico kwenye uploads, yaani kwa macho ni kaikoni kadogo tu, ukiifungua ni kodi ya php, na ndani ya wp-config.php (faili ya mipangilio ya WordPress) kuna mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi za mafumbo unaoiita ile ico kila ukurasa unapofunguka. Kulikuwa na faili kwenye mu-plugins, folda ambayo vilivyomo vinajiwasha vyenyewe na huwezi kuvizima kama plagini nyingine. Kazi ya faili hiyo ilikuwa kumficha admini wa pili asionekane kwenye orodha ya watumiaji. Akanionyesha kitu cha kunisisimua mwili, juu ya orodha imeandikwa Maadmini (2), chini jina ni moja, langu. Nimeipita hiyo namba mara ngapi? Alafu kwenye databesi, jedwali la wp_options, kuna kazi ya kron inayoamka mara mbili kwa siku na kurudisha kila kilichofutwa. Ndo maana asubuhi na jioni. Skana zote zilikuwa zinafagia ukumbi, huku mwenye kumwaga taka yuko dari.

Mpangilio wake ndo nimeulipia, naweza kusema. Alifunga blogu kwa muda kwanza. Akafuta jaribio2 yote, akatoa kron na admini wa kificho, akabadilisha WordPress na plagini zote kwa nakala freshi kutoka chanzo, akapita uploads kutafuta chochote kisicho picha, akaweka zuio la php kutoendeshwa ndani ya folda hiyo. Mwisho kabisa, si mwanzo, ndo akabadilisha paswedi zote, za seva, za databesi, za admini, pamoja na zile funguo za siri ndani ya wp-config.php ambazo ukizibadilisha kila aliyelogini popote anatupwa nje. Mimi nilikuwa nabadilisha paswedi huku mwizi bado yuko sebuleni ananiangalia. Ruhusa za faili nazo akazishusha, folda 755, faili 644, yaani mwenye akaunti tu ndo anaandika, maana nyingine zilikuwa 777, yeyote kwenye seva anaandika, na hiyo sina wa kumsingizia, niliziweka mwenyewe enzi hizo picha zilipogoma kupanda.

Ripoti yake nusu ukurasa, haina rangi. Waliingilia hapa, walificha hapa, nimefanya hivi, wewe baki na hivi.

"Wewe baki na hivi" ndo sehemu ambayo kampuni haiigusi, na nadhani wangeitaja mapema ningewapa nyota zaidi. Usafi wa Google si kazi yao. Nikamtoa yule mmiliki mgeni Search Console, lakini haitoshi kumbonyeza aondoke, inabidi ufute na ile faili yake ya uthibitisho kwenye seva, la sivyo anajithibitisha tena. Nikafuta ramani yake. Kurasa za Kijapani zenyewe sasa zinajibu 404, yaani ukurasa haupo, na hilo ndo unalolitaka, Google akija akikuta hakuna kitu anaziondoa polepole. Watu wengi wanakimbilia kuziba kwa robots.txt (faili ya kuwaambia maroboti wasisome wapi), ni kosa, ukimzuia asiingie atajuaje kwamba hazipo? Ile zana ya kuondoa ya Search Console inaficha kwa miezi 6 hivi, nilitumia kwa folda mbili zilizokuwa na aibu zaidi. Kwenye sehemu ya masuala ya usalama kulikuwa na onyo, nikaomba wakague upya nikieleza tulichofanya, onyo likatoka.

Kurudisha vilivyopotea nako kulikuwa na visa vyake. Ile databesi niliyoitoa upya kwa hosti wa zamani ilikuwa ya siku ya kuhama, maana yake posti 6 nilizoandika baada ya kuhama hazikuwemo, na hilo halikunijia akilini mpaka nilipokwisha kuipandisha juu ya nyingine. Nne nilizikuta Wayback Machine (hifadhi ya nakala za zamani za tovuti), maandishi kamili, picha nusu. Moja msomaji alikuwa nayo kwenye programu yake ya kusomea blogu, akanitumia yote, Mungu ambariki. Ya sita, ya kukata kola, nimeiandika upya na nadhani ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Komenti za siku hizo hakuna namna.

Kwahiyo ningelipa tena? Kwa yule fundi wa pili, ndiyo, leo hii. Kwa kampuni, ningeandika kwenye tiketi mstari wa kwanza kabisa, nataka mtu wa kusoma faili kwa mkono, na nataka jibu la waliingilia wapi, na kabla hamjagusa chukueni nakala nzima. Ukiona wanazunguka kwenye swali la waliingilia wapi jua umepewa skana yenye jina la mtu. Uhamisho wa bure nao tumia tu, ni mzuri, ila safisha kabla ya kuhama, andika rekodi zako zote za domeini pembeni, na fungua posti tano zenye ng' kabla hujawaambia asante.

Sasa ni wiki ya saba. Kijapani kimebaki kurasa chache kwenye Google na kila nikichungulia zimepungua. Maadmini (1), naitazama kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Kampuni ya usafishaji nimewafungulia tiketi nidai marekebisho ya themu yangu, wana nakala au hawana, mpaka leo iko wazi. Wakijibu nitarudi kurekebisha nyota.